Jicho la Kushoto na Dumu la Hajati

Shangazi yangu aliporudi Hijja, alishuka garini akiwa na mabegi mawili, mguu uliovimba, na kidumu cha maji ya Zamzam alichokuwa amekipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Dereva alitaka kumsaidia kukibeba akakataliwa. Kaka zake walitaka kumsaidia nao wakakataliwa. Kikaingia ndani kabla yake, kikawekwa chumbani pembeni ya kitanda, kikafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na kuanzia siku hiyo mtaa wetu wa Nkuhungu ukawa na mahali pa kupeleka shida zake.

Sisi ni watu wa mji wa zamani. Babu zetu waliingia Dodoma na misafara ya biashara, wakafungua vibanda, na tangu hapo hakuna kizazi kilichoacha kuuza kitu. Shangazi aliuza vitenge, tena aliuza kwa ukali, mpaka wateja wengine walikuwa wakinituma mimi nikawaombee bei. Lakini maji yale aliyagawa bure. Mjamzito alipewa kikombe. Wanafunzi wa chuo walikuja kabla ya mitihani, Waislamu na Wakristo, wakipanga foleni uani na vichupa vya soda. Mgombea mmoja wa udiwani alikuja na mlinzi, akanywa glasi nzima, akaomba na ya mlinzi. Maji ya kidumu yalikuwa yamehamishiwa kwenye dumu kubwa la njano, kwa maelezo kwamba mdomo wake ni mpana na kumimina ni rahisi. Miaka ikapita, dumu haliishi, na mtaa mzima ukachukulia kwamba hiyo ndiyo baraka yenyewe.

Ladha haikumshtua mtu. Zamzam ina chumvi chumvi yake, kila aliyewahi kuionja anajua. Na maji ya Dodoma nayo, mgeni akitoka Dar akinywa chai kwetu hukunja uso na kuuliza kama tumekosea kopo la sukari. Sisi tuliozaliwa hapa hatusikii chochote.

Mimi nilikuwa mtu wa miwani tangu darasa la tatu, na sisemi miwani ya mapambo. Nikiivua, watu hugeuka kuwa nguo zinazotembea. Kazi yangu ni kuchora ramani za viwanja, na mwenye kuujua mji huu wetu anajua kwamba hapa kiwanja ni mada ya kwanza msibani na ya pili harusini. Mstari wa mpaka ukisogea kidogo kwenye karatasi, watu wawili wazima wanashikana mashati ofisini. Macho yangu ndiyo jembe langu, na vumbi la Dodoma liliikwangua miwani yangu kila kiangazi mpaka nikawa naiona dunia kama kupitia chandarua.

Ndipo nikaposwa. Mchumba wangu alikuwa dalali wa mahindi pale Kibaigwa, mtu mpole mwenye sauti kubwa, maana huwezi kuwa dalali Kibaigwa ukaongea chini kuliko malori. Shangazi, aliyenilea tangu baba alipofariki, alianza kuitazama miwani yangu kwa jicho la kibiashara. Alisema bi harusi wa miwani kwenye picha anaonekana kama amekuja kukagua ukumbi. Nilimjibu kwamba bila miwani nitamshika mkono bwana harusi wa mtu mwingine. Tuligombana siku kadhaa, kwa raha zetu, mpaka ofisi ikanituma Dar na nikarudi na lenzi za machoni.

Ni vitu vidogo laini kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa, unavibandika juu ya jicho na kuona kama watu wengine. Siku ya kwanza nilikaa uani nikihesabu majani ya mzabibu wa shangazi. Mchumba wangu alipokuja nikagundua ana kovu dogo juu ya mdomo ambalo sikuwahi kuliona, na nikalipenda kuliko kila kitu kingine alichokuwa nacho. Nilifurahi sana, sitaki kudanganya. Nilijisikia mrembo, na mtu aliyezoea kuitwa mwalimu na watoto wa mtaani akijisikia mrembo hawezi kukaa kimya.

Lenzi hizo huoshwa kwa dawa yake maalumu, na chupa yangu ilikwisha mapema kwa sababu niliimwaga nikijifunza. Nilizunguka maduka ya dawa, sikuipata. Nikaliangalia boksi. Lilikuwa limeandikwa kwa ukali kwamba lenzi zisioshwe kwa maji ya bomba, wala ya kisima, wala ya ziwa, wala kwa mate. Mimi ni mtu wa mipaka, nikiandikiwa usivuke sivuki. Nikamsomea shangazi neno kwa neno. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Zamzam imeandikwa humo.

Haikuandikwa.

Basi nikawa naoshea lenzi zangu maji ya dumu la njano, kila jioni, kwenye kibakuli alichonipa yeye mwenyewe, tena baada ya kupiga bismillahi. Nilijiona nimezidi masharti. Kiwanda kimesema yasiwe maji ya bomba, mimi nimeleta maji ambayo watu huvuka bahari kuyafuata.

Jicho la kushoto lilianza kuwasha, kisha likawa jekundu, kisha likaanza kuuma kwa namna ambayo sikuijua. Ukilitazama kwenye kioo unaona wekundu wa kawaida, lakini maumivu yalikuwa ya kitu kikubwa zaidi, kama punje ya mchanga yenye meno. Mwanga ukawa adui. Nikawa nakaa ndani nimejifunika khanga kichwani kama kuku anayepelekwa sokoni. Mtaa ukatoa maoni yake. Mama wa mapacha, jirani yetu wa ukuta mmoja, alisema ni macho mekundu yanayoambukiza, akaniamkia kutoka mbali. Mwingine alisema vumbi. Mwingine alisema hasidi, kwa kuwa mchumba wangu ana mizani yake mwenyewe. Shangazi hakusema sana, alichukua kijiko, akafunua dumu, na akawa ananidondoshea Zamzam jichoni asubuhi na jioni.

Jicho likazidi, na hapo ndipo nikaenda kliniki ya macho. Daktari alikuwa kijana wa Bukoba, Mkristo, mwenye adabu nyingi kupita kiasi. Alinimulika, akaniuliza nilikuwa naoshea nini lenzi. Nikamwambia Zamzam, kwa fahari ya mtu anayetaja shule aliyosoma. Alitulia kidogo kama aliyetaka kuuliza kitu kingine, akaona asiguse dini ya watu. Akasema inaelekea ni kirusi, akanipa dawa ya kirusi, akanipiga marufuku lenzi.

Dawa haikufanya kitu. Nilirudi kazini nikiwa na kitambaa kwenye jicho moja, nikaanza kuona tatu kuwa nane, na mkuu wangu akaniletea ramani niliyompunguzia mjane mmoja kiwanja na kumwongezea kanisa. Aliniambia taratibu nipumzike. Nilikwenda chooni nikalia, na kulia nako kuliuma. Niliogopa kweli. Mchora ramani wa jicho moja bado anaweza kufanya kazi, lakini jicho langu la kulia ndilo baya zaidi kati ya yote mawili, na ikiwa la kushoto lingekwenda, ningebaki nyumbani kwa shangazi nikipima vitenge kwa kupapasa.

Safari ya pili kliniki tulikwenda watatu. Shangazi alivaa baibui jipya, kama anakwenda kusaini mkataba, na mchumba wangu aliacha magunia yake Kibaigwa akaja na shati lenye vumbi la mahindi. Chumba cha daktari hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia. Nje ya pazia kulikuwa na benchi la wagonjwa, na kwenye benchi, kwa bahati ambayo sitaki kuilaumu, alikuwa amekaa mama wa mapacha, ambaye aliamini nimemwambukiza.

Daktari alinimulika kwa muda mrefu. Akasema sasa kuna kitu kama pete nyeupe kwenye kioo cha mbele cha jicho, na kwamba pete hiyo haimpendezi. Akasema huenda si kirusi. Huenda ni amiba.

Shangazi akamrekebisha kwa upole kwamba amiba ni wa tumbo, yeye mwenyewe amewahi kuugua, na akauliza amepandaje mpaka jichoni. Daktari akaeleza, akitumia vidole vyake. Akasema hawa ni wengine, hawahitaji mwili wa mtu ili waishi. Wanajitegemea. Wako kwenye udongo, kwenye visima, kwenye matangi, wanakula vijidudu vidogo kuliko wao na hawana habari na sisi. Ukiwanywa, kwa kawaida tumbo linawamaliza. Lakini wakibanwa kati ya lenzi na jicho, mahali pa joto na unyevu, wanaanza kula kilichopo, na kilichopo ni jicho. Mchumba wangu alisema ni kama fukusi kwenye gunia lililofungwa. Daktari akasema ndiyo, kama hao, na akaonekana kushukuru.

Kisha akasema jambo jingine. Kama ni kirusi kilichokaidi, leo hii angeniongezea dawa ya kutuliza uvimbe, na jicho lingepona. Lakini kama ni amiba, dawa hiyohiyo ingemfungulia mlango, na jicho lingekwenda. Kuna kipimo cha kukwangua jicho, kinauma, na hata hicho huweza kumkosa amiba aliyejificha. Kwa hiyo alitaka kujua jambo moja tu. Akaniuliza kama lenzi zangu, au jicho lenyewe, viliwahi kukutana na maji ya tangi, ya kisima, ya bwawa, hata mara moja.

Nikaapa. Niliapa kwa jina la Mungu, nikiwa nimenyoosha mkono, kwamba havijawahi kugusa tone isipokuwa Zamzam. Daktari akashusha pumzi. Akasema basi, kama ni hivyo, amiba yuko mbali, tuanze ile dawa ya uvimbe. Akavuta karatasi yake.

Sikuwa namwona shangazi vizuri, alikuwa upande wa jicho bovu. Nilisikia tu kiti chake kikilia sakafuni.

"Mwanangu daktari," alisema, "weka kwanza hiyo kalamu."

Daktari akaiweka.

"Yale maji ni ya tangini. La juu ya paa."

Nje ya pazia benchi lilinyamaza, na benchi la wagonjwa halinyamazi hivihivi.

"Zamzam haimo kabisa, Hajati?" daktari akauliza, taratibu sana.

"Imo," alisema shangazi. "Ilikuwemo mwanzoni."

Kisha akatoa maelezo yote, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo sakafuni. Kidumu alichotoka nacho Makka kilifika nusu wiki ileile ya kwanza. Watu walikuwa bado wanakuja. Angemwambia nini mjamzito wa watu, kwamba maji yameisha kwa sababu yamenywewa na mgombea wa udiwani? Akaongeza kidogo kutoka tangini, akapiga bismillahi, kwa hesabu kwamba maji machache yenye baraka yatawaambukiza mengi. Ijumaa iliyofuata akaongeza tena. Na nyingine. Akasema aliyaonja kila mara na chumvi ilikuwa ileile.

Nilikasirika kiasi kwamba jicho liliacha kuuma. Nilitaka kusema maneno mengi, na ninayakumbuka yote mpaka leo, lakini nilipogeuka nikamwona ameshika mikono yake miwili kwa nguvu na hina yake imefifia. Huyu alikuwa mwanamke ambaye polisi wa mgambo waliogopa kumwambia ahamishe meza ya vitenge. Alikuwa ameamua kupoteza heshima yake yote mbele ya pazia moja jembamba, na alijua nani amekaa nje. Hasira haikuisha. Ilikaa tu pembeni ikasubiri zamu yake, na tulipofika nyumbani niliitumia vizuri.

Mchumba wangu ndiye aliyeharibu mambo. Alianza kucheka, akajaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, akashindwa, akatoka nje. Baadaye aliniambia Kibaigwa wanawajua watu wa kuchanganya mahindi, gunia zuri juu na bovu chini, lakini hajawahi kumwona anayechanganya miaka yote hiyo halafu anagawa bure. Aliniuliza pia kama nadhani ataniacha kwa ajili ya jicho. Nikamwambia sijui. Akasema moja litanitosha kumwona yeye, yeye si mkubwa hivyo.

Daktari alinikwangua jicho siku ileile. Ganzi ilisaidia upande wa maumivu, upande wa kuona sindano inakuja haikusaidia. Amiba akapatikana. Dawa zake zilitoka Dar kwa basi, na mwanzoni zilitakiwa kudondoshwa kila saa, usiku na mchana. Shangazi aliichukua kazi hiyo bila kuomba ruhusa. Aliamka kwa simu, kwa adhana, kwa jogoo, kwa mazoea. Alinifungua kope kwa vidole vinavyonukia karafuu, akadondosha, akafunga, akarudi kulala kwenye mkeka pembeni ya kitanda changu. Siku za kwanza nilikataa kuongea naye, akawa anaongea na jicho peke yake. Alilihimiza kama mtoto anayekataa uji. Nadhani jicho lilimsamehe kabla yangu.

Mtaa, kwa upande wake, ulikuwa umeshajua kabla sisi hatujafika nyumbani. Mama wa mapacha alikuja jioni akakaa uani, akaangalia paa kwa muda mrefu, akauliza mapacha wake basi ni wa tangi la nani. Wanafunzi waliofaulu hawakuja. Yule mgombea wa udiwani, ambaye alishindwa vibaya, alipita kusema kwamba sasa anaelewa. Shangazi aliwapokea wote mlangoni, mmoja mmoja, akawaambia kwa kinywa chake, hata wale waliokuja kununua kitenge tu. Fundi alipanda kusafisha tangi akashusha mjusi, kandambili moja, na kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekitambua. Shangazi alimtazama yule mjusi akasema innalillahi. Maji ya dumu hakuthubutu kuyamwaga mtaroni, kwa sababu ya lile tone la kweli lililokuwa humo mahali fulani. Akayamwagia mzabibu.

Wiki iliyofuata mama wa mapacha alirudi na kichupa. Mtoto wake mkubwa alikuwa na mtihani. Shangazi akamwambia tena, pole pole, kwamba yalikuwa maji ya tangi. Jirani akasema anajua, hata kwake yanatoka bomba lilelile, lakini ya kwake hayajaombewa na mtu. Shangazi akachemsha sufuria zima, yakachemka mpaka kifuniko kikacheza, akayaacha yapoe, akayaombea dua na kumpa. Bado anachemsha mpaka leo.

Harusi ilisogezwa mbele mara mbili. Matibabu yalichukua miezi mingi, na daktari hakutaka kuahidi kitu. Kila tulipokwenda alisema tusubiri, mpaka siku aliponiambia jicho limetulia, kovu dogo limebaki, na sasa tujue linaona kiasi gani. Alinikalisha, akanirudishia miwani yangu ya zamani, akaniziba jicho la kulia. Mbele yangu kulikuwa na ule ubao wa herufi E zilizogeuzwa kila upande, unaonyesha kwa mkono miguu yake inaelekea wapi. Shangazi alikuwa amesimama kando ya ubao, nyuma ya daktari, kimya, na baibui lake jipya ambalo sasa halikuwa jipya.

Mistari ya juu niliipita. Juu, kulia, chini, kushoto. Mstari uliofuata ulikuwa na ukungu kidogo, kama dirisha la jikoni. Nilisita. Nilijua kwamba nikishindwa hapa, mistari ya viwanja sitaiona.

Kisha nikaona mkono ukitoka taratibu kwenye baibui. Niliuona vizuri. Niliona hina mpya kwenye kucha, pete ya fedha, kidole kilichopinda tangu alipobanwa na mlango wa duka. Mkono ule ulikuwa unaonyesha kushoto.

Nikaitazama E. Ilitetemeka, ikatulia. Ilikuwa inaelekea kulia.

Nikaonyesha kulia. Shangazi akatikisa kichwa kwa masikitiko na kuonyesha kushoto kwa nguvu zaidi. Daktari akasema sawa, inayofuata. Inayofuata shangazi alielekeza chini, nayo ilikuwa juu. Nikaonyesha juu. Daktari akasema sawa, vizuri sana, na nikaanza kucheka mpaka machozi yakanitoka, macho yote mawili, na hayakuuma.

Daktari akageuka. Mkono ulikuwa bado hewani. Aliutazama, akautazama ubao, akaelewa mambo mawili kwa wakati mmoja.

"Mama," alisema, "njoo na wewe ukae hapa."

Shangazi alikataa, akasema yeye macho yake hayana neno, ni mazima tangu alipozaliwa. Nikamshika mkono nikamkalisha. Daktari akamziba jicho la kulia na kuelekeza fimbo yake kwenye mstari wa katikati. Shangazi aliutazama ubao kwa heshima, kwa muda mrefu. Kisha nikaona lile jicho lake la kushoto linauacha ubao taratibu na kuanza kunitafuta mimi.

Nikainua mkono.